Mizani iligoma kilo 91: kisa cha mwalimu wa Likoni baada ya kupunguzwa tumbo

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 44, mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Likoni, Mombasa, mama wa watoto watatu. Hapa ataitwa Mwalimu tu, maana hata muuza samaki humwita hivyo. Kisa kimeunganishwa kutokana na wagonjwa zaidi ya mmoja wanaofanana, na mambo ya kumtambulisha mtu yamebadilishwa.

Alipasuliwa akiwa na kilo 121 kwa urefu wa sentimita 163, yaani BMI (kilo zako ukizigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ya 45 na ushei. Alikuwa na kisukari cha aina ya pili kinachotibiwa kwa dawa mbili, presha kwa dawa mbili nyingine, magoti mabovu, na mkoromo uliomhamisha mumewe hadi sebuleni. Upasuaji wenyewe ni ule uitwao slivu: takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo huondolewa, na kinachobaki ni mfereji mwembamba. Pamoja na nafasi, huondoka pia ile sehemu ya juu inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa. Hakuna kurudishiwa.

Miezi saba baadaye aliingia kliniki ya lishe bila miadi. "Daktari, mimi slivu imenikataa." (Mimi si daktari, ni mtu wa lishe, lakini kumsahihisha nimeacha.) Mizani yetu ilisoma kilo 91. Alisema haijasogea wiki saba. Lengo lake lilikuwa 65.

Nataka kisa hiki kisomwe kwa sehemu mbili zilizokuwa zimechanganyika kichwani mwake: mwili uliopunguza mwendo, na hesabu iliyokosewa tangu mwanzo. Wengi wetu hukimbilia ya kwanza kwa sababu ina vipimo na vidonge. Kwa Mwalimu, ya pili ndiyo iliyokuwa ikimliza.

Asilimia 60 iliyogeuka kilo 60

Nilimuuliza hizo 65 kazipata wapi. Hakusita. Kabla ya upasuaji aliambiwa kwamba wengi hupoteza "asilimia sitini". Mia na ishirini na moja ukitoa sitini, zabaki sitini na moja. Akaongeza nne, "nimwachie Mungu nafasi."

Asilimia 60 aliyotajiwa ilikuwa ya uzito wa ziada, si ya mwili wote, wala si kilo. Uzito wa ziada ni ule unaozidi BMI ya 25. Kwa urefu wake BMI hiyo ni kama kilo 66, kwa hiyo ziada yake ilikuwa kilo 55. Asilimia 60 ya 55 ni 33. Daktari alikuwa akimwambia huenda akafika kwenye 88. Yeye akasikia 61. Pengo la kilo 27, na hapana aliyesema uongo.

Mimi kipimo hiki cha uzito wa ziada sikipendi kabisa katika mazungumzo na wagonjwa. Madaktari wa upasuaji wamekizoea kwenye makala zao, na huko kina kazi yake, lakini kwa mtu anayekwenda kulala kitandani lifunguliwe tumbo lake, kinatoa namba kubwa isiyo na picha. Ni afadhali aambiwe hivi: slivu kwa kawaida huondoa baina ya robo na asilimia 30 ya uzito wote ulioanza nao, na hilo hutimia kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Kwa kilo 121 hizo ni kilo 30 hadi 36. Siku ile aliyokuja analia, Mwalimu alikuwa ameshapoteza 30 kamili, na muda wa kupungua ulikuwa haujaisha.

Kulikuwa pia na mwenzake kwenye kundi la WhatsApp la waliopasuliwa, mama mmoja wa Kilifi, ambaye ndani ya muda uleule alikuwa ametangaza kupoteza kilo 44. Mwalimu alimtaja mara kwa mara katika kikao kile, kila mara akishusha sauti. Nikamwomba atafute uzito wa kuanzia wa mwenzake. Ulikuwa 158. Tukapiga hesabu: 44 katika 158 ni asilimia 28, na 30 katika 121 ni karibu 25. Tena yule alifanyiwa baipasi, upasuaji mwingine unaopitisha chakula kando ya sehemu ya utumbo, ambao kwa kawaida huondoa zaidi kidogo kuliko slivu. Tofauti iliyokuwa ikimkosesha usingizi ilikuwa asilimia tatu.

Nikamchorea mstari kwenye karatasi: unashuka kwa kasi miezi ya kwanza, unalala polepole, unafika chini kabisa baina ya mwaka mmoja na miwili, kisha kwa wengi unapanda kidogo. Sikuubuni. Utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulifuatilia maelfu ya watu kwa miaka mingi na kuonyesha mchoro wa namna hiyo. Waliofanyiwa baipasi baada ya miaka 10 walikuwa bado chini ya walipoanzia kwa takriban asilimia 25, ingawa mwanzoni walikuwa wameshuka zaidi. Alipoona ule mwisho unaopanda, uso ulimbadilika. Nilijua ningemtisha, lakini ni bora aogope kwangu mwezi wa saba kuliko agundue peke yake mwaka wa tatu akidhani ni aibu yake.

Halafu kuna fedha. Bima haikulipa. Kiasi kilitoka kwa mume, kiasi kwenye chama cha walimu, na kiasi kwa mavyaa wake, aliyetoa bangili mbili za dhahabu alizotunza tangu harusi yake. Kuanzia hapo kila kilo ilikuwa na mwenyewe. Mavyaa hakuwa mkali, Mwalimu alisisitiza hilo. Aliuliza tu kila Ijumaa baada ya chakula: "Sasa umefika ngapi, mwanangu?" Wiki saba mfululizo jibu lilikuwa moja.

Nje ya nyumba, mdomo uleule mmoja humwambia mtu mambo mawili. Kwenye harusi ya binamu, walipokuwa wakipimwa sare, mwanamke mmoja alimshika mkono akamwambia "umekonda hivi, wewe u mzima kweli?" Kabla ya sinia la pilau kuondolewa, yuleyule akamuuliza mwenzake, kwa sauti ya kusikika, kama kweli huyu alikatwa tumbo, mbona bado mnene. Pwani kukonda ghafla bado hudhaniwa ugonjwa, na unene una heshima yake. Aliyepasuliwa hana uzito utakaomridhisha kila mtu.

Mara ya kwanza mizani kugoma

Hii haikuwa mara yake ya kwanza. Wiki ya tatu baada ya upasuaji uzito ulisimama siku tisa akiwa anakunywa supu na uji mwepesi, akashangaa: mtu anayekunywa vikombe vichache vya supu asipungue vipi? Kule kusimama karibu kila aliyepasuliwa hukutana nako, na sababu yake haina uhusiano na mafuta. Mwili huhifadhi sukari kwenye ini na misuli kwa umbo la glikojeni, karibu nusu kilo, na kila gramu hushika takriban gramu tatu za maji. Siku za kwanza za njaa akiba hiyo hutumika, maji hutoka, mizani hushuka kwa kishindo. Baadaye mwili hurudisha sehemu ya akiba na maji yake, huku mafuta yakiendelea kupungua chini kwa chini. Mizani haioni tofauti. Hakuna cha kutibu pale, ni kusubiri.

Mwezi wa saba ni habari nyingine. Mwili wa kilo 91 hautumii nguvu za mwili wa kilo 121, iwe umelala au unapanda ngazi. Jahazi lililoshusha shehena husukumwa na upepo mdogo. Juu ya hapo, mwili uliopungua haraka hubana matumizi kupita kiasi kinachoelezwa na kilo peke yake. Chakula kilichompunguza mwezi wa tatu, mwezi wa saba kinamtosha kubaki alipo. Njaa nayo huanza kurudi taratibu, na tumbo hupokea zaidi kidogo kuliko mwanzo. Yote haya ni ya kutarajiwa.

Lakini si kila kilichosimama kimesimama kwa kutarajiwa, na hapa ndipo nilipomwomba anieleze jana yake, saa kwa saa.

Jana ya Mwalimu

"Sili kitu." Ndivyo wanavyoanza wote, na kwa kiasi ni kweli. Hakukaa mezani hata mara moja akamaliza sahani.

Alfajiri: chai ya maziwa, vijiko vitatu vya sukari, pamoja na vidonge vyake vyote kwa mkupuo mmoja. Kabla ya kuvuka feri: nusu hamri. Saa nne shuleni: nusu iliyobaki na mbaazi za nazi vijiko vitano, chai nyingine. Mchana: wali wa nazi kiasi cha kiganja na mchuzi, samaki akaacha kwa kuwa "anakwama". Alasiri, jua la Mombasa likiwaka: glasi ya juisi ya ukwaju, tamu. Magharibi: viazi karai viwili. Usiku, akisahihisha madaftari: kashata, kipande kwa kipande, mpaka rundo la madaftari liishe. Chai ya tatu.

Tumbo dogo huzuia sahani kubwa. Halizuii kinachoteleza. Chai tamu, juisi, tui na kashata hupita bila kugonga mlango, ilhali samaki mkavu au nyama hukaa na kumshibisha mtu mapema, hata kwa maumivu akila haraka. Kwa hiyo bila kukusudia alikuwa amechagua vyakula visivyompinga. Vijiko tisa vya sukari kwenye chai pekee ni kama kalori 145. Tui zito lina mafuta kiasi cha moja ya tano yake, na kila gramu ya mafuta ina kalori tisa. Protini ya siku nzima niliikadiria gramu 35. Baada ya upasuaji huu tunataka angalau 60, ikiwezekana 80, la sivyo mwili hula misuli yake, na misuli ikipungua matumizi ya nguvu hupungua zaidi.

Hiyo kashata ya usiku niliidadisi. Hakuwa na njaa, alisema. Zamani usiku alikula sahani ya pili ya wali akisahihisha, na upasuaji ulimnyang'anya sahani. Mazoea ya kutafuna akichoka, akiwa peke yake, yalibaki yakitafuta kitu kinachopita. Kisu hakifiki huko. Hapa ningependa mtu wa ushauri nasaha awe kwenye kila timu ya upasuaji tangu mwanzo, si kuitwa mambo yakiharibika.

Kisha likaja lile ambalo hakulitaja mpaka nilipouliza moja kwa moja. Mizani ilipogoma alianza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Sababu mbili kwa pamoja: alikuwa na kadha (siku za kulipa) za Ramadhani iliyopita, na alitumaini saumu itazivunja zile kilo. Mwenye tumbo la kawaida akifunga anaweza kufidia usiku. Yeye kuanzia magharibi hadi kulala hawezi kuingiza lita moja na nusu ya maji na gramu 60 za protini, maana hapaswi hata kunywa pamoja na chakula. Husubiri karibu nusu saa. Siku hizo alikunywa vikombe vitatu hivi. Alikuwa na kizunguzungu, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, na choo alikuwa hajapata siku tano. Sehemu ya wiki saba zake ilikuwa choo.

Mambo madogo madogo. Alijipima kila siku mahali tofauti: duka la dawa asubuhi, wale wenye mizani kando ya njia pale Mwembe Tayari jioni, mara nyingine kwa jirani. Mizani hizo zilitofautiana kwa kilo mbili na zaidi, na yeye aliamini ile yenye habari mbaya. Kwa mizani yetu wiki saba hizo zilikuwa zimempunguza kilo moja, na kiuno sentimita tano. Pia mwezi wa nne alianza sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu, kwa kuwa alishauriwa asishike mimba mwaka wa kwanza na nusu. Ushauri sahihi, lakini sindano hiyo kwa baadhi ya wanawake huongeza uzito, na kliniki iliyomdunga haikujua kuwa amepasuliwa. Hakuwaambia. Hawakuuliza.

Damu yake: homoni za tezi ya shingo sawa. Hemoglobini 10.6, akiba ya chuma chini. Wastani wa sukari wa miezi mitatu asilimia 6.1, kutoka 8.9 kabla ya upasuaji, naye kwa kisukari amebakia na dawa moja, metformini. Presha imetulia kwa dawa moja. Mkoromo umeisha, mume amerudi chumbani.

Nilimsomea mistari hiyo ya mwisho mara mbili. Alitikisa kichwa kwa adabu, akauliza: "Na kilo?"

Tulichobadilisha

Hatukumpunguzia chakula. Kwa kweli kwa gramu za protini tulimwongezea. Kila mlo uanze na kitu cha protini chenye unyevu, kwa vile tatizo lake na samaki lilikuwa ukavu na haraka: changu wa mchuzi mwepesi, mayai laini, kamba waliopikwa bila kukaushwa, maziwa lala yasiyo na sukari, kunde na pojo zilizopondwa kwa tui jepesi la mwisho badala ya zito. Mbaazi zilibaki. Kumwambia mtu wa Mombasa aache mbaazi za nazi ni kumtafutia sababu ya kutorudi kliniki. Zilihamia mahali pa hamri, badala ya kuandamana nalo. Madafu, nusu kikombe siku ya jua kali. Ukwaju bila sukari, au maji. Chai mbili, kijiko kimoja kila moja, na mbali na chakula, kwa sababu majani ya chai huzuia chuma.

Vidonge tulivitenganisha. Chuma na kalsiamu vikimezwa pamoja hushindana, na alikuwa akivisukuma kwa maziwa. Chuma sasa ni jioni na ndimu. Kalsiamu ni mara mbili mchana, kwa umbali wa saa mbili au zaidi kutoka kwa chuma. Vitamini B12 na D ziliendelea, na zitaendelea maisha yake yote. Aliposikia neno "maisha" aliguna.

Sindano aliijadili na daktari wa wanawake, wakahamia kwenye koili. Saumu alikwenda kumuuliza sheikh wake akiwa na barua ya daktari mkononi. Akaambiwa mgonjwa ana ruhusa ya kuahirisha, azilipe atakapoweza. Hilo lilimtua mzigo kuliko lolote nililosema mimi.

Mazoezi yalikuwa kazi ngumu. Mwalimu husimama siku nzima na kuvuka feri mara mbili, akahesabu kuwa ametimiza. Kutembea kuendelee, nikamwambia, lakini misuli inahitaji kubebeshwa kitu. Mitungi ya lita tano haikosekani katika nyumba ya Likoni, kwa jinsi maji ya bomba yanavyokuja yanapopenda. Miwili, mmoja kila mkono, kukaa na kuinuka kitini, kusukuma ukuta, mara tatu kwa wiki. Bintiye wa kidato cha pili ndiye aliyemsimamia, na kwa taarifa nilizopata alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote wa michezo.

Mizani: mara moja kwa wiki, Jumamosi asubuhi, moja tu.

Kikao na mavyaa

Nilimwomba amlete. Alikuja na mwana wake, akiwa na buibui jeusi na leso mpya begani, akakaa wima. Hakuzunguka: "Mwanangu, mimi nimetoa dhahabu. Nataka kujua nimenunua nini. Mashavu yamebomoka, tumbo lipo."

Sikuona sababu ya kumficha. Nilimwambia mafuta hayatoki pale tunapopataka, uso huonyesha mapema. Na ngozi iliyovutwa miaka 20 hailali yote hata mafuta yakiisha. Kisha nikaweka mezani karatasi mbili za dawa, ya zamani na ya sasa. Nne zimekuwa mbili. Mavyaa mwenyewe ana kisukari, na mumewe alikatwa mguu kwa ugonjwa huo kabla ya kufa. Alizishika zile karatasi akazisogeza mbali na macho ili asome. Akauliza kuhusu figo. Akauliza kuhusu macho. Tulizungumza sukari kwa nusu saa, na uzito haukutajwa tena mpaka walipokuwa mlangoni.

Sidhani alishawishika kabisa. Mwalimu anasema swali la Ijumaa limebadilika, sasa huulizwa sukari ngapi, na hilo nalo lina mzigo wake, kwa sababu sukari pia hupanda. Lakini ni swali linalohusu kile upasuaji ulifanikiwa kukifanya.

Mwezi wa 12 alikuwa na kilo 86.5. Mwezi wa 15, 85.8. Hiyo ni asilimia 29 ya uzito wa kwanza, ndani kabisa ya kawaida. Hemoglobini imepanda hadi 12.1. Metformini daktari ameisimamisha kwa majaribio. Tukiona sukari iko chini ya 6.5 miezi mitatu bila dawa, ndipo tutasema kisukari kimelala. BMI yake ni 32, ambayo vitabuni bado ni unene, na yeye analijua hilo vizuri kwa sababu amelisoma mwenyewe. Aliuliza kuhusu kupasuliwa tena kuwa baipasi, na kuhusu sindano mpya za kupunguza uzito anazosikia. Daktari wake hakumfungia mlango wowote, ila alimwambia upasuaji wa pili kwa mtu mwenye matokeo ya kawaida una hatari zaidi kuliko faida, na sindano hizo zikiachwa uzito mwingi hurudi, kwa hiyo ajiulize kama mfuko utazimudu miaka, si miezi. Ameamua kusubiri. Kilo 65 bado anazitaja, sasa kwa kicheko kisichonifurahisha sana.

Kashata imepungua, haijakwisha. Amehamishia kazi ya kusahihisha shuleni kabla ya kuvuka, isipokuwa msimu wa mitihani.

Tumekubaliana uzito ukipanda kilo tatu juu ya wa chini kabisa na kukaa hapo mwezi mzima, aje bila kungoja miadi. Kikao kijacho ni mwezi wa Rajabu: vipimo vya damu, B12 ikiwemo, na kuamua pamoja na daktari wake kama Ramadhani hii atafunga siku zote, baadhi, au aahirishe tena.